Siku Namanga ilipofungwa: Singida na uhuru wa kuvuka uliopotea mwaka 1977

Mkoa wa Singida haupakani na nchi yoyote. Mashariki umepakana na Dodoma na Manyara, magharibi Tabora, kaskazini Shinyanga na Simiyu, kusini Iringa na Mbeya. Mtu wa Ikungi au Kiomboi akitaka kuuona mpaka wa Kenya kwa macho yake, lazima asafiri mamia ya kilomita. Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba habari za mipaka ni za watu wa Namanga, Holili, Sirari na Mutukula, na kwamba sisi wa katikati ya nchi hazituhusu.

Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983, yaani karibu miaka saba. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kwa miaka kumi ilikuwa imeziunganisha Tanzania, Kenya na Uganda, ilivunjika mwaka huo huo. Reli, posta, meli na ndege zikagawanywa. Na watu, ambao tangu enzi za babu zao walikuwa wakienda na kurudi, wakaamka na kukuta njia haipo.

Leo lori la vitunguu likitoka Soko la Kimataifa la Misuna, mjini Singida, linapita Katesh, Babati na Arusha hadi Namanga, na mzigo unaweza kuuzwa Nairobi. Ni safari ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeifikiria. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa tukumbushane jinsi safari kama hiyo ilivyowahi kukatika, nani aliikata, na kwa nini wananchi wa kawaida hawakuwa na pa kushika siku ilipokatika.

Mkoa wa njia

Singida imekuwa mkoa wa njia kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ikielekea Unyanyembe, karibu na Tabora, ilivuka Ugogo ikilipa hongo kwa watemi, kisha ikaingia pori la Mgunda Mkali, katika nchi ambayo leo ni Manyoni na Itigi. Wapagazi waliliogopa pori hilo kwa ukame wake, lakini walilipita, kwa sababu njia ya kwenda maziwa makuu ilikuwa hapo. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati nao walifuata mwelekeo ule ule. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njiani ikaacha stesheni Manyoni na Itigi.

Watu wa mkoa huu nao hawakukaa wakitazama wenzao wakipita. Ardhi yetu ni ya ukame, mvua ni za msimu mmoja, na mwaka wa njaa kijana wa Kinyaturu au wa Kinyiramba alijua kwamba wokovu uko mbali. Wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wengine migodini, wengine kaskazini kutafuta vibarua. Kwa familia za Singida, kuondoka kwenda kutafuta ni sehemu ya maisha, na mtu wa namna hiyo anahitaji njia iliyo wazi kuliko mtu mwenye kahawa mlangoni.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliiingiza hatua kwa hatua katika umoja wa forodha ambao Kenya na Uganda zilikuwa nao tangu 1917. Noti na sarafu za shilingi zikawa za nchi zote tatu. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari. Kwa mtu wa Itigi mabadiliko hayo yalikuwa na maana anayoweza kuishika mkononi. Alipanda treni hadi Tabora, akabadili kwenda Mwanza, akaingia kwenye meli ya Ziwa Victoria iliyompeleka Kisumu au Port Bell. Treni na meli zilikuwa za shirika moja. Mwaka 1963 kipande cha reli kati ya Ruvu na Mnyusi kilipokamilika, Reli ya Kati iliunganishwa na reli ya Tanga na Moshi, ambayo kupitia Kahe na Taveta ilifika Voi, kwenye reli ya Mombasa na Nairobi. Kuanzia hapo behewa lingeweza kutoka Manyoni hadi Nairobi bila kuacha reli za shirika hilo.

Ukitaka kuuona umoja ule kwa karibu, tafuta stempu ya miaka ya 1960 iliyobaki kwenye bahasha kuukuu. Kwenye karatasi isiyozidi ukubwa wa kidole gumba kuna majina ya nchi tatu: Kenya, Uganda, Tanzania. Waliozichapisha walikuwa wakibadilisha mpangilio. Stempu hii imeanza na Uganda, ile imeanza na Tanzania, nyingine imeanza na Kenya, ili asiwepo wa kulalamika kwamba jina lake liko nyuma kila siku. Stempu aliyobandika mtu wa posta ya Singida mjini ilikuwa ile ile iliyouzwa Nakuru na Jinja. Barua ya mtoto aliyekwenda kutafuta kazi Kenya ilirudi kwa mama yake ikiwa na jina la nchi yake juu yake.

Mkataba ulioyataja mabehewa ukamsahau abiria

Wakati wa uhuru matumaini yalikuwa makubwa kuliko posta na reli. Mwaka 1960 Mwalimu Julius Nyerere alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika iwapo kufanya hivyo kutaziwezesha nchi za Afrika Mashariki kuingia katika shirikisho pamoja. Juni 1963, jijini Nairobi, yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho hilo. Halikuundwa. Kilichofuata kilikuwa mkataba wa ushirikiano uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Hiyo ndiyo Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki.

Mkataba ule uliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha. Shirika la reli na shirika la ndege yalibaki Nairobi, bandari zikaja Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki nayo ikawekwa Kampala. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, kwa hiyo Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kutoza kodi ya uhamisho kwa baadhi ya bidhaa kutoka kwa jirani ili viwanda vyao vichanga visife. Kila kitu kilipimwa, kila nchi ikapewa fungu lake.

Lakini ndani ya mpango huo wote, mtu wa kawaida hakuandikiwa haki ya kuvuka mpaka, kuishi upande wa pili na kufanya kazi huko. Mkataba ulizungumzia bidhaa, malipo, kodi na huduma za pamoja. Raia wa nchi tatu waliendelea kuvuka bila viza kwa sababu walikuwa wamezoea hivyo tangu enzi za mkoloni, na kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuwazuia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uhuru wa kusafiri wa watu wa Afrika Mashariki ulikuwa mali ya namna hiyo: kila mtu aliutumia, na haukuwa kwenye daftari lolote.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 1970, Jumuiya ikiwa bado hai, serikali ya Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengi wao vibarua wasio na ujuzi maalumu. Watu waliokuwa wamefanya kazi huko kwa miaka mingi walifunga virago. Hawakuwa na kifungu cha mkataba cha kwenda nacho mahakamani, kwa sababu kifungu hicho hakikuwapo.

Nyuzi zilivyokatika mojamoja

Tukisema Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 tunasema kweli, ila tunaruka sehemu kubwa ya habari. Ilianza kukatika uzi mmoja mmoja, na kila uzi uliokatika ulimpunguzia mwananchi hatua kadhaa za safari yake.

Mwaka 1966, hata kabla ya mkataba wa Kampala, kila nchi ilianzisha benki kuu na sarafu yake. Mwanzoni fedha hizo zilibadilishwa bila shida, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 udhibiti wa fedha za kigeni ulikuwa umeingia kati ya majirani hawa. Aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo ya mpaka hakuweza tena kurudi na akiba yake bila maswali. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika kuwa vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 ikatunga sheria ya kuanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake nzuri: nchi ilitaka elimu inayolingana na siasa yake. Hata hivyo kijana aliyemaliza kidato cha nne baada ya hapo alikuwa na cheti cha nchi yake peke yake, wakati kaka yake alikuwa na cheti cha nchi tatu.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin, na chombo kikuu cha Jumuiya, ambacho wajumbe wake walikuwa marais watatu, hakikukutana tena. Mwalimu alikuwa na haki ya kimaadili ya kumkataa muuaji, na sidhani kama yupo Mtanzania anayemlaumu kwa hilo. Tatizo lilikuwa katika ujenzi wa Jumuiya yenyewe: kila jambo zito lilisubiri marais watatu wakubaliane, na walipoacha kuzungumza hakukuwa na chombo kingine cha kuliamua.

Kwa upande wa Kenya na Tanzania, njia zilikuwa zimeachana tangu Azimio la Arusha la 1967. Kenya ilifuata ubepari na kukaribisha mitaji ya nje. Tanzania ilitaifisha njia kuu za uchumi na kujenga vijiji vya ujamaa. Tanzania ililalamika kwamba inauziwa mengi kuliko inavyouza. Kenya ililalamika kwamba inabeba mizigo ya mashirika ambayo wenzake hawalipii. Fedha za mashirika zilianza kuzuiliwa katika kila nchi badala ya kupelekwa makao makuu.

Februari 1977

Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki zilisimama kwa madeni. Kenya ilianzisha shirika lake, Kenya Airways. Mwanzoni mwa Februari Tanzania ikafunga mpaka. Hapa nyumbani zilikuwa siku zile zile TANU na ASP zilipoungana na kuzaliwa CCM, tarehe 5 Februari, kwa hiyo nchi ilikuwa na habari mbili kubwa kwa wakati mmoja. Magari ya watalii ya kampuni za Kenya na ndege ndogo zilizokuwa upande wa Tanzania zilizuiliwa. Katikati ya mwaka, bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na kwa hilo Jumuiya ikawa imekufa rasmi.

Mashirika mapya ya kitaifa yalizaliwa haraka: Air Tanzania, Shirika la Reli Tanzania, bandari na posta za nchi. Meli za Ziwa Victoria ziligawanywa kulingana na mahali zilipokuwa na zilikohitajika. Kulikuwa na meli mbili pacha za kubebea mabehewa, zilizotengenezwa miaka ya 1960, moja ikiitwa Umoja na nyingine Uhuru. Umoja ilibaki Tanzania, Uhuru ikaenda Kenya. Reli ya Taveta ikakosa treni za kuvuka. Ile safari ya kutoka Itigi kwenda Kisumu kwa shirika moja ikaisha, na hakuna tangazo lililotolewa kwa abiria kueleza afanye nini.

Madhara ya kwanza yaliwapata watu wa mpakani, na hilo lazima lisemwe: Wamasai, Wakurya, Wajaluo, Wataita na Wadigo, ambao ndugu zao wako pande zote mbili. Wao walitafuta njia za panya, wakawa wahalifu kwa kwenda msibani. Kenya nayo ilipoteza njia ya nchi kavu ya kupeleka bidhaa Zambia, na utalii wake ukakosa Serengeti na Ngorongoro. Hadi leo njia ya Bologonja, iliyowaunganisha watalii wa Maasai Mara na Serengeti, haijafunguliwa.

Kisha madhara yakaingia ndani ya nchi, hadi kwetu. Sabuni, dawa ya meno, betri, vipuri vya baiskeli na vitu vingi vidogo vya nyumbani vilikuwa vikitoka viwanda vya Kenya. Vilipokatika, Kampuni za Biashara za Mikoa, ambazo watu walizijua kwa herufi RTC, hazikuwa na cha kutosha kugawa, na maduka ya ushirika vijijini yalibaki na rafu tupu. Si haki kuubebesha mpaka lawama yote. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, bei ya mafuta iliyopanda duniani, ukame na udhaifu wa mipango yetu wenyewe vilichangia sana. Ila kufungwa kwa mpaka kuliondoa njia halali ya kujisaidia. Mtu aliyekuwa na mbuzi wa kuuza na aliyehitaji sabuni hakuwa tena na soko la jirani la kukimbilia. Palipokuwa na biashara pakawa na magendo. Na mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, mwenye katoni chache za sabuni ya Kenya chini ya kitanda alikuwa na sababu ya kutolala.

Wakati huo huo uhuru wa kutembea ndani ya nchi nao ulikuwa umebanwa. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania, na Singida ilikuwamo. Msafiri alihitaji barua ya balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvu kazi, iliyowarudisha vijijini waliokutwa mjini bila kazi rasmi. Mtu wa Singida, ambaye kwa vizazi vingi alijiokoa na njaa kwa kwenda kutafuta, alijikuta na milango miwili imefungwa, wa nje na wa ndani.

Kilichogawanywa na kisichogawanywa

Usuluhishi ulichukua miaka. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, aliteuliwa kwa msaada wa Benki ya Dunia kuchambua mali na madeni ya Jumuiya. Alipita kwenye daftari za mashirika, akathamini mabehewa, majengo na mitambo. Novemba 1983 Nyerere, Daniel arap Moi na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, walikutana Arusha na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 walitia saini mkataba wa usuluhishi. Mali iligawanywa kwa kipimo: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Ndani ya mkataba huo waliweka pia ahadi ya kutafuta maeneo ya ushirikiano wa baadaye, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Jumuiya ya sasa.

Katika hesabu hizo, binadamu waliokumbukwa ni wafanyakazi wa Jumuiya. Kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake mafao yao. Hapa Tanzania deni hilo lilizaa moja ya kesi ndefu katika historia ya nchi. Wastaafu zaidi ya 31,000, ambao wananchi waliwaita wazee wa Jumuiya, walidai haki yao kwa miaka mingi, wakaandamana na kulala barabarani Dar es Salaam, na wengine walizeeka na kufa bila kulipwa. Hawa walikuwa watu wa reli, posta, bandari na ndege. Walikuwa na barua za ajira, namba za utumishi na vitabu vya malipo. Hata wao, wenye karatasi mkononi, waliteseka kiasi kile.

Sasa fikiria yule asiye na karatasi. Muuza mbuzi, kibarua, mama aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya bustani Nairobi. Mkataba wa 1984 haukuwa na ukurasa wake. Usingeweza kuwa nao, kwa sababu hata mkataba wa 1967 haukuwa nao. Huwezi kugawana kitu ambacho hakikuwahi kuorodheshwa.

Tazama nchi nyingine zilivyoachana. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na uhuru wa kwenda na kurudi ukaisha mwisho wa mwaka huo. Waingereza walipoteza haki ya kwenda kuishi na kufanya kazi katika nchi wanachama, na wengi wanajuta mpaka leo. Lakini kwa kuwa haki hiyo ilikuwa imeandikwa katika mikataba, wajumbe walilazimika kuizungumzia mezani, na mamilioni ya raia wa Ulaya waliokuwa tayari wakiishi Uingereza walihifadhiwa. Mali, Burkina Faso na Niger zilipotoka rasmi katika jumuiya ya Afrika Magharibi tarehe 29 Januari 2025, pande zote mbili zilitangaza kwamba kwa sasa watu waendelee kupita bila viza. Viongozi walikuwa wamekosana vibaya, ila itifaki ya kusafiri huru ilikuwepo tangu 1979, na ilikuwa vigumu kwa yeyote kujifanya haioni. Tofauti kati yao na sisi wa 1977 iko hapo.

Ni kweli pia kwamba kutoka kwenye umoja si kila mara kunaumiza. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na wananchi wengi hawakujua, kwa kuwa hawakuwa wakiutumia umoja huo katika maisha yao. Kinachoumiza ni kupoteza njia unayoipita kila siku.

Daftari jipya

Jumuiya ya sasa ilianza kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Leo ina nchi nane. Tarehe 1 Julai 2010 ilianza kutumika Itifaki ya Soko la Pamoja, na ndani yake, kwa mara ya kwanza, haki ya mtu imeandikwa. Raia wa nchi mwanachama ana haki ya kuingia nchi nyingine bila viza na kupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita. Mfanyakazi ana haki ya kutafuta kazi katika fani ambazo nchi imezifungua. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa badala ya karatasi nyingi za forodha. Tangu Desemba 2018 Namanga ina kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja.

Hayo ni mafanikio makubwa, nami nayathamini kwa moyo wote. Ila tusidanganyane kwamba kazi imekwisha. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Mtu wa Mkalama anayetaka kwenda kutazama bei ya vitunguu Nairobi hawezi kuondoka na kitambulisho chake cha NIDA peke yake. Lazima atafute hati ya dharura ya safari au pasipoti ambayo ada yake ni Sh150,000, fedha ambayo kwa mkulima mdogo ni mtaji wa msimu.

Magomvi ya zamani nayo hayajaisha kabisa. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo kununua mazao shambani. Naelewa kilio cha wamachinga wa Kariakoo kilichoileta amri hiyo, na kilio hicho kilistahili kusikilizwa. Lakini mkulima wa kitunguu Singida naye asikilizwe: mnunuzi wa Kenya anayefika shambani huongeza ushindani wa bei, na akiondolewa, dalali anabaki peke yake.

Mei 2025 wanasheria na wanaharakati wa Kenya, miongoni mwao Martha Karua na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga, walizuiliwa katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere na kurudishwa kwao. Walikuwa wamekuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, mwanasiasa mzaliwa wa Ikungi, mkoani hapa. Itifaki inairuhusu nchi kumzuia mtu kwa sababu za usalama, afya au utulivu wa umma. Mwanya huo ukitumiwa kwa wepesi, haki iliyoandikwa inarudi kuwa hisani ya mkubwa, kama ilivyokuwa kabla ya 1977.

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili katika mkoa wa Singida. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mpaka ulipofungwa, na shuleni wamefundishwa kuvunjika kwa Jumuiya kama orodha ya sababu sita za kukariri kwa ajili ya mtihani. Wafundishwe zaidi ya hapo. Wafundishwe kwamba kuna kizazi kilichopoteza uhuru wa kusafiri bila kuulizwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaandikia kuwa uhuru huo ni wao. Ofisi za biashara za halmashauri zilete fomu za cheti rahisi Misuna, zieleze kwa Kiswahili na Kinyaturu namna ya kuzijaza. Wabunge wa mkoa waulize bungeni lini kitambulisho cha taifa kitatosha kuvukia Namanga. Na wawakilishi wetu katika Bunge la Afrika Mashariki wadai kwamba nchi ikitaka kubana haki ya itifaki, ieleze sababu hadharani na mahakama ya Jumuiya pale Arusha iweze kuipima.

Viongozi watakosana tena. Ndivyo siasa ilivyo. Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba wakikosana, haki ya mwananchi ya kwenda na kurudi haiwi miongoni mwa vitu vya kwanza kutupwa nje. Haki hiyo sasa imeandikwa. Inabaki kwetu kuisoma, kuitumia na kuidai.